Sauti ya Madamu wa Mwaka wa Sita

Niliacha shule nikiwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, kabla ya mtihani wa taifa, wakati Kindu ilikuwa mji usiotoka mtu wala kuingia kitu. Waasi walishika mji. Wapiganaji wa msituni walishika njia zote zinazotoka mjini. Treni haikuja. Chumvi ilipimwa kwa kifuniko cha chupa. Aliyekwenda shambani kung'oa muhogo alipigwa risasi na wa huku au na wa kule, na jamaa zake waliokwenda kumchukua hawakuwa na wa kumuuliza.

Askari walichukua shule yetu na kuchoma madawati yetu kupikia. Sisi tukahamia katika kanisa dogo ambalo bati zake za upande mmoja zilikuwa zimeng'olewa, tukakaa juu ya matofali. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana. Tulimwita Madamu, kama watoto wa Kindu wanavyowaita walimu wao wa kike hadi leo.

Madamu alifundisha jinsi walimu wote wa kwetu wanavyofundisha. Hamalizi sentensi. Anaipeleka hadi karibu na mwisho, anainua sauti, ananyamaza, na darasa zima linamalizia kwa pamoja.

"Robo na robo inafanya..."

"Nusu!"

"Nusu na nusu inafanya..."

"Nzima!"

Mgeni akisikia atadhani ni mchezo wa kukariri, na mara nyingine ni hivyo kweli. Lakini mwalimu mwenye sikio anasikia mengi katika jibu lile: upande gani wa darasa umechelewa, nani anafungua mdomo bila kutoa kitu. Madamu alikuwa na sikio. Alikuwa anaweza kusimamisha hesabu na kumwelekezea mtu chaki: "Weye wa nyuma, umekula neno. Tema." Tukacheka, na yule wa nyuma akatema.

Vita vilipoendelea, jibu likazidi kuwa jembamba. Wengine walivuka mto usiku kwenda Alunguli na zaidi. Wengine waliharisha siku chache tu wakaisha. Madamu hakubadilisha kitu. Aliinua sauti, akanyamaza, akangoja, na sisi tuliobaki tukajibu kwa haya, kama watu wanaoimba kwenye msiba wa watu wasiowajua. Halafu baba yangu alikwenda shambani na hakurudi, nikaanza kubeba mizigo bandarini. Hakuna aliyenifukuza shule. Siku moja sikwenda, na siku iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi kutokwenda.

Baada ya hapo sikukaa mahali. Nilichimba kasiteriti, yale mawe ya bati, karibu na Punia hadi shimo lilipomfunika mtu niliyekuwa nikila naye. Nilichimba tena Pangi, nikasukuma baiskeli ya mafuta ya mawese, nikalala kwenye mashua za mtoni. Kila nilipofika nilikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua kitu kinafanyaje kazi ndani. Nilifungua redio, tochi, mashine za kusaga, simu. Wakati mwingine niliweza kuvifunga tena. Mwishowe kompyuta zikafika hadi kwetu, zile kuukuu zinazoletwa kutoka Ulaya zikiwa na herufi zilizofutika, na huko ndani nikapotea kwa furaha. Nilirudi Kindu na kufungua kibanda karibu na soko: kuchapa, fotokopi, kuchaji simu, kutengeneza kilichoharibika.

Ndipo Madamu aliposimama mlangoni kwangu. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na alikuwa amefunga kitambaa shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Njo weye ile mutoto alifungua redio ya katekista?"

"Njo mimi, Madamu."

"Ulishaifunga?"

"Bado."

Akacheka, na kicheko kikaishia katika kikohozi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akafungua kitambaa. Upande mmoja wa koo ulikuwa umevimba.

"Daktari anasema kile kitu kiko karibu na sauti," alisema. "Nitaenda Bukavu, watakiondoa. Na sauti itaenda pamoja nacho. Anasema pengine. Lakini niliona macho yake, haiko pengine."

Yeye hakuja kutafuta pole. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mkuu wa shule yake, na mkuu alikuwa amekubali jambo moja: kama masomo ya mwaka wa sita yatawekwa kwenye mashine pamoja na sauti yake, basi akirudi ataendelea na darasa lake. Mashine itasema, yeye ataandika ubaoni na kusahihisha. Mkuu alimwambia hivi, na Madamu alinirudishia maneno yale kama mtu anayeonyesha kitambulisho: "Sauti ya masini, mukono wako. Nafasi yako iko."

Hakuwa na kitu kingine. Mume alikuwa amemzika zamani, mtoto hakupata. Tangu vita, kila asubuhi ya maisha yake ilikuwa darasa lile.

"Unajua kufanya ile kazi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Utajifunza?"

Hilo ndilo swali ambalo sijawahi kulikataa maishani.

Nilijifunza kwa kuiba muda wa mtandao karibu na stesheni, mahali ambapo unashika vizuri asubuhi. Nilipakua video za watu wanaofundisha wengine kurekodi kioo cha kompyuta: unaweka programu inayonasa kila kinachopita kwenye kioo, unasema kwenye maikrofoni, na mwishoni unapata filamu ya somo ambayo haina sura ya mtu, ina maandishi na sauti tu. Waliofundisha walikuwa vijana wa Kifaransa katika vyumba vyeupe, wenye afya, wasiojua kelele ni nini. Mmoja alisema: chagua chumba kitulivu. Nilicheka peke yangu pale stesheni hadi watu wakageuka.

Tulirekodi nyumbani kwa Madamu. Kulikuwa na seremala jirani, kwaya upande wa pili, pikipiki njiani, na bati juu ya vichwa vyetu ambalo mvua ikilipiga huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilisimamisha godoro ukutani, nikatundika vitenge dirishani, nikamkalisha Madamu ndani ya chandarua kilichofunikwa blanketi. Humo ndani alitokwa jasho kama mtu aliye kwenye shimo la Punia.

"Unanizika mapema," alisema.

"Madamu, usiseme wakati ninanasa."

"Sasa utakuwa na sauti ya muntu aliyezikwa. Iweke kwa somo la kutoa."

Maandishi yalitushinda kwanza. Alijaribu kuandika kwa panya ya kompyuta, na sehemu zake za hesabu zikawa kama nyayo za kuku. Nilifanya kioo kizima cheusi mfano wa ubao, nikaandika hesabu nzima kwa herufi nyeupe. Alikataa.

"Mutoto anaona jibu mbele ya swali. Hiyo ni kazi ya mwizi."

Nikatafuta namna ya kufanya kila tarakimu itokee kwa zamu yake. Alinieleza mpangilio: kwanza namba ya chini, halafu mstari, halafu ya juu, kwa sababu mtoto lazima ajue mkate umekatwa vipande vingapi kabla ya kujua amepewa vingapi. Alivyotaka ndivyo nilivyofanya. Baadaye nilipata kalamu ya kuandikia kwenye kioo cha kompyuta na kibao chake kutoka kwa mfanyabiashara wa Goma, na Madamu akaanza kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko ulikuwa uleule wa kanisani, herufi zenye tumbo, saba yenye mkanda. Tulifurahi siku ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tulichokuwa tunakifanya. Ahadi ya mkuu ilikuwa sauti ya mashine na mkono wa Madamu, na sisi, kwa kupenda kazi itoke vizuri, tulikuwa tunautia mkono nao ndani ya mashine.

Sauti yake ilikuwa inachoka. Tulirekodi asubuhi, kabla seremala hajaanza, hadi pale maneno yalipoanza kukwaruza. Nyumbani kwangu nilisafisha. Wale vijana wa vyumba vyeupe walikuwa wamesisitiza jambo moja kuliko yote: ondoa ukimya. Mtazamaji akisikia ukimya anakwenda zake. Kulikuwa hata na programu inayotafuta ukimya wenyewe na kuukata. Nikaipa masomo ya Madamu. Ilikata na kukata. Somo refu likawa fupi, safi, halina pengo, kama redio ya Kinshasa. Nilijiona fundi.

Nikamletea asikilize. Alikaa na mikono magotini. Sauti yake ikatoka mbio: "Robo na robo inafanya nusu na nusu inafanya tukiongeza robo tunapata chukueni sasa theluthi."

Aligeuka taratibu.

"Watoto iko wapi?"

"Watoto gani, Madamu?"

"Watoto. Nilisema robo na robo inafanya, nikanyamaza, nikawangojea. Umewatia wapi?"

"Hapakuwa na mtu, Madamu. Ulikuwa peke yako ndani ya chandarua. Palikuwa na ukimya tu."

"Ukimya!" Alipiga meza. "Ile ukimya ni nafasi ya mutoto! Weye ulikaa kwangu, kwenye tofali, ulijibu na midomo yako. Nani alikufundisha kwamba mwalimu anajisemea mwenyewe kama kichaa wa sokoni?"

"Watu wa internet."

"Wana watoto, hawa watu?"

"Sijui."

"Hawana," alisema. "Rudisha."

Nilikuwa nimehifadhi rekodi za mwanzo, kwa hiyo nikarudisha. Nikaanza kusikiliza upya, na safari hii nilisikiliza ule ukimya. Haukuwa sawa kila mahali. Baada ya swali jepesi ulikuwa mfupi. Baada ya gumu ulikuwa mrefu, na kabla ya kuendelea ulisikia pumzi yake, ile pumzi ya mtu anayetazama safu za nyuma. Ndani ya chandarua, akiwa na blanketi kichwani, Madamu alikuwa akiwaona. Mahali pamoja hata aliwagombeza: "Hapana, hapana, tena." Nilimuuliza alijuaje kwamba watakosea.

"Wanakosea palepale kila mwaka," alisema. "Weye pia ulikosea pale."

Tulimaliza hesabu, tukamaliza sarufi ya Kifaransa, tukaingia somo la maji na mvuke. Somo la mwisho lilimtoka kwa kunong'ona. Nililipandisha sauti kwa programu, likawa kama mtu anayesema siri kwenye mlango wako. Baada ya hapo akapanda ndege kwenda Bukavu na begi dogo na biblia.

Mkuu wa shule alinituma nikafunge vifaa darasani. Kamati ya wazazi ilikuwa imepata projekta na betri ya jua. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja aliyoipiga pasi vizuri. Aliyewekwa kubonyeza kitufe hadi Madamu arudi alikuwa mwalimu mpya, msichana aliyekuwa akingoja nafasi kwa muda mrefu bila mshahara, kama wanavyongoja wengi.

Tulizima mwanga kwa kufunga madirisha kwa mifuko ya simenti. Maandishi ya Madamu yakatokea ukutani, namba ya chini, mstari, namba ya juu, na sauti yake ikasema, "Robo na robo inafanya..." Watoto wakatazamana. Ukimya ukapita. Halafu mmoja upande wa dirisha akasema kwa woga, "Nusu." Sauti ikasema, "Nusu na nusu inafanya..." na safari hii lilikuwa darasa zima, likapiga kelele hadi vumbi likaanguka kutoka kwenye mbao za dari. Walipofika pale pa kukosea, wakakosea, na sauti ikawaambia, "Hapana, hapana, tena," wakapiga yowe la furaha kwa kukamatwa na mtu ambaye hakuwepo.

Nilisimama nyuma nikiwa na waya mkononi. Nakiri nilijisikia mkubwa siku ile. Mkuu wa shule alinishika bega.

"Fundi, hii iko hatari," alisema, kwa maana ya sifa. Baadaye niliona kwamba lilikuwa neno lenyewe.

Madamu alirudi baada ya mvua kubwa. Kovu lilipita shingoni kutoka sikio hadi kifuani, na hakukuwa na sauti hata ya kunong'ona, pumzi tu. Alikuwa na ubao mdogo wa watoto na chaki, ndivyo alivyozungumza. Alikuja kwanza kwangu, si nyumbani. Aliandika: "Walijibu?"

"Walijibu, Madamu. Hata nje walisikika."

Alifuta ubao kwa kiganja, akaandika: "Kesho naingia."

Nilikwenda naye kesho yake asubuhi kwa sababu alitaka nimwonyeshe jinsi ya kusimamisha filamu katikati. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kuchukua chaki zake za rangi. Mkuu alitupokea ofisini, akampa kiti, akauliza habari za Bukavu, akasahau kwamba hawezi kujibu, akatazama chini. Darasani, mwalimu mpya alikuwa amekwisha kuanza. Tulisikia sauti ya Madamu ikija kupitia ukuta, nzima, yenye nguvu, na watoto wakijibu.

"Mama," mkuu alisema. Hakumwita Madamu. "Unasikia mwenyewe. Somo linaendelea muzuri."

Madamu aliandika: "Mkono wangu. Tulisema."

"Tulisema, ndiyo. Lakini tulidhani masini itasema tu. Na hii masini inasema, inaandika, inangojea watoto, inawagombeza. Mimi nitamwambia inspekta nini? Kwamba niko na walimu wawili ndani ya darasa moja, na mumoja hana sauti? Na yule binti, nimutoe nimupeleke wapi? Kazi yake sasa ni kusahihisha tu, na anasahihisha."

"Ulimwahidi," nilisema.

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Fundi, ulifanya kazi muzuri sana. Shida njo hiyo. Ungefanya mubaya kidogo, ningemuhitaji."

Nimelifikiria neno lile tangu siku hiyo, na kila mara nafika mahali palepale. Ile filamu ya kwanza, niliyoikata kwa mafundisho ya vijana wa vyumba vyeupe, isingefaa darasa lolote. Watoto wangechoka baada ya dakika chache, mkuu angemtafuta Madamu, naye angesimama mbele yao na chaki yake hadi uzee umtoe. Madamu mwenyewe ndiye aliyenirekebisha. Alinipigia meza. Alifundisha mashine kila kitu alichokuwa nacho, na ilipokwisha kujua, ikawa haimhitaji.

Alisimama. Aliziacha chaki za rangi juu ya meza ya mkuu. Tulipita mbele ya darasa bila yeye kugeuza kichwa, na sauti yake ikatufuata hadi barabarani: "Chukueni sasa theluthi."

Nilimwambia njiani kwamba naweza kufuta. Nilikuwa na rekodi zote, nilijua jinsi ya kuingia kwenye kompyuta ya shule, asubuhi moja ingetosha. Alinitazama kama alivyomtazama yule aliyekula neno. Akaandika: "Wana mtihani." Akafuta. Akaandika tena: "Wewe hukuufanya. Waache wao waufanye." Sikumtajia tena jambo la kufuta.

Siku hizi amekaa uani kwake. Karakana ya yule seremala jirani imepanuka hadi kwenye ua wake na hawezi kupiga kelele kumkataza. Baadhi ya wazazi humletea watoto wanaosumbuliwa na hesabu, naye huwaandikia kwenye ubao mdogo. Hawakai. Wanasema ni afadhali kwenye simu, kwa sababu filamu zake zimekwisha kuenea mji mzima kwa kadi za kumbukumbu, zimevuka Alunguli, zimefika Kibombo kwa treni. Mtu aliniambia amezisikia Pangi, karibu na machimbo, watoto wakijibu simu iliyotundikwa kwenye mti. Nilimpelekea Madamu habari hiyo nikidhani itamfaa. Aliinamisha kichwa kwa adabu na kuendelea kuchambua mchele.

Mwezi uliopita mkuu wa shule aliniita tena. Anataka mwaka wa tano, halafu wa nne. Nilikwenda kwa Madamu kumuuliza nifanye nini. Nilitaka aniambie nikatae, ili nipate sababu ya kufunga kibanda na kuondoka tena, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Aliandika polepole: "Fanya. Lakini uwaambie kwanza."

Kwa hiyo nilimwambia mwalimu wa mwaka wa tano. Ni mwanaume wa makamo, mwenye sauti nene na tai aliyoivaa kwa ajili ya kurekodi, ingawa nilikuwa nimemweleza kwamba sura yake haitaonekana. Nilimweleza yote: ahadi, mkono, ukimya, meza ya mkuu, chaki zilizobaki juu yake. Nilimwambia waziwazi kwamba akifundisha vizuri humo ndani, anaweza kukosa pa kusimama huku nje. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine.

"Pole yake, maskini," alisema. "Lakini yule alikuwa mugonjwa. Mimi, koo langu liko nzima." Aliingia ndani ya chandarua, akanyoosha tai, akaniuliza aanze na somo gani.